DAFTARI LA ARDHI NA SIKU YA MIRATHI

Imekuwa ada sasa, kila yanapotajwa mambo ya ardhi katika Visiwa vyetu, mazungumzo kugeukia mitambo. Twaambiwa kuwa majalada yaliyochakaa yatatolewa makabatini na kuingizwa katika kompyuta. Kuwa kila kipande cha ardhi kitapewa nambari yake. Kuwa mwananchi wa Micheweni au wa Makunduchi ataweza kujua habari za kiwanja chake bila ya kushinda kutwa nzima juu ya benchi la ofisi ya Serikali. Hayo yote ni mema, na sisi hatumo miongoni mwa wanaoyabeza. Lakini lipo swali moja ambalo hatulisikii likiulizwa kwa sauti ya kutosha, nalo ni hili: siku mwenye ardhi atakapofariki dunia, ni nani atakayekwenda kuliarifu daftari?

Hatuulizi kwa kejeli. Kwa maoni yetu, hilo ndilo litakaloamua kama kazi kubwa iliyokwisha kuanzwa itadumu au itakuwa kazi ya kizazi kimoja. Daftari la ardhi laweza kuwa sahihi kabisa siku linapofunguliwa, ramani zake nzuri na majina yake hayana kosa, kisha baada ya miaka ishirini likawa limejaa majina ya marehemu. Daftari la namna hiyo lina hatari kuliko kutokuwa na daftari kabisa, kwani linasema lisilo kweli kwa muhuri wa Serikali.

Tutazame kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka havifiki kilomita za mraba 2,700 kwa jumla. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 1,303,569; sensa ya mwaka 2022 ikatuhesabu watu 1,889,773. Kwa miaka kumi tu tumeongezeka karibu watu laki sita, na ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Pengine imepungua, maana bahari nayo ina mahali inapodai fungu lake. Mashamba ya minazi na mihogo yaliyokuwa yakiuzunguka mji yamekuwa mitaa. Na kule pwani ya mashariki, uwanda wa mawe ambao wazee wetu hawakuuona kuwa una thamani zaidi ya kuni na malisho, leo unatafutwa na wenye mahoteli kutoka kila pembe ya dunia. Ardhi inapopanda bei namna hii, kila mstari uliokosewa katika daftari huwa na mtu wa kuula na mtu wa kuulilia.

Na sisi si watu tusiokuwa na maandishi. Zama za Masultani watu walikwenda mbele ya kadhi, wakaandikiana waraka kwa herufi za Kiarabu, mashahidi wakataja mipaka: mashariki kwa fulani, kusini njia, magharibi mwembe. Ulipokuja utawala wa Kiingereza mwaka 1890, nyaraka kama hizo zikawa na ofisi ya kuzisajili, na vitabu vya zamani vya usajili vimehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Lakini yafaa tukumbuke kuwa ofisi ile ilisajili karatasi, haikusajili ardhi. Ilithibitisha kuwa watu wawili waliuziana. Haikuthibitisha kuwa aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwa asiyepata kufikwa na kesi.

Tena hata wakati huo mambo hayakuwa mepesi kuyaandika. Katika mitaa ya Ng'ambo mwenye nyumba aghalabu hakuwa mwenye ardhi iliyobeba nyumba yake. Nyumba ilikuwa ya mtu, kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine au cha wakfu, na kila mwezi ikalipwa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 kodi hiyo ilipowazidi, wakaazi wa Ng'ambo, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walikataa kuilipa. Twaitaja habari hii kwa sababu moja tu: inaonyesha kuwa katika Visiwa hivi haki juu ya kipande kimoja cha ardhi huweza kuwa mbili au tatu kwa wakati mmoja, za watu mbalimbali, na kila moja ni haki ya kweli. Ndivyo ilivyo mpaka leo kwa mwenye minazi au mikarafuu iliyo katika ardhi isiyokuwa yake, na kwa nyumba za Mji Mkongwe ambazo ghorofa ya chini ina mwenyewe na ya juu ina mwenyewe.

Kisha yakaja Mapinduzi. Tarehe 8 Machi 1964 Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali, na tangazo hilo likawekewa sheria mwaka uliofuata. Zaidi ya familia elfu ishirini zikagaiwa eka tatu tatu. Waliokuwa wakilima katika ardhi ya wengine wakapata mahali pa kusimama, na hilo ni jambo ambalo historia haitalifuta. Lakini eka hizo zilitolewa kwa masharti: zisiuzwe wala zisikatwe vipande. Waliopewa walikuwa watu wazima wenye watoto. Wengi wao leo hawako nasi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Serikali iliona haja ya kuweka mambo sawa, ikatunga sheria mfululizo: ya utambuzi wa ardhi, namba 8 ya 1989, ya ardhi iliyosajiliwa, namba 10 ya 1990, ya haki za matumizi ya ardhi, namba 12 ya 1992, na ya Mahakama ya Ardhi, namba 7 ya 1994. Ufini ilisaidia katika kazi hiyo na ikarudi kusaidia tena miaka ya baadaye. Sheria zenyewe ni nzuri. Zinasema kuwa ardhi ni ya umma chini ya Rais, kuwa Mzanzibari aweza kupewa haki ya kuitumia, na kuwa haki hiyo itambuliwe mahali ilipo, mbele ya majirani, kisha iandikwe. Kilichopungua ni utekelezaji. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na mwananchi wa kawaida anapotakiwa aonyeshe ushahidi wa shamba lake, mara nyingi anachokitoa mfukoni ni karatasi ya mauziano iliyotiwa saini na sheha.

Katika miaka ya karibuni mwendo umebadilika. Kamisheni ya Ardhi iliundwa kwa sheria namba 6 ya 2015. Mwaka 2016 vijana wetu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, walianza kurusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba, wakazipiga picha zinazoonyesha mpaka bati la nyumba na kichaka cha mpakani. Kazi ambayo zamani ingehitaji wageni na ndege kubwa ilifanywa na wenyeji kwa vyombo vinavyobebwa mkononi. Tunawapongeza kwa dhati. Picha zile ni msingi ambao nchi nyingi kubwa kuliko yetu hazinao.

Ila picha ya angani huona ukuta, haimwoni mrithi.

Natuchukue mfano ambao kila msomaji wetu anaujua kwa jina jingine. Mtu amefariki, ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na kiwanja chenye nyumba. Kadhi hatatoka jasho kwa hesabu hii: mjane ana thumuni, zilizobaki ni thumuni saba, kila mtoto wa kiume apate mbili, kila wa kike apate moja. Hesabu imetimia bila ya kubaki kitu. Lakini nyumba haikatwi thumuni. Basi familia inakubaliana kuwa nyumba ibaki ilivyo, mama aendelee kukaa, na "mambo yatazamwe baadaye". Baadaye hiyo huwa ndefu. Mama anafariki. Mtoto mmoja wa kiume anafariki, naye ameacha wake wawili na watoto. Mtoto mmoja wa kike ameolewa Wete, mwengine yuko Muskat. Nyumba iliyokuwa na jina moja sasa ina watu kumi na tano wenye haki, na katika daftari bado limeandikwa jina la babu.

Hapo ndipo hutokea mambo mawili. Huenda kaka mkubwa, aliyebaki na funguo na makaratasi, akaiuza; mnunuzi akapata saini ya sheha; na ndugu waliobaki wakaja kupata habari kwa mafundi waliokuja kubomoa. Au, na hili ndilo linalotutia hofu zaidi wakati huu wa utambuzi, wapimaji watafika mtaani wakauliza: nyumba hii ya nani? Atakayekuwepo mlangoni atasema: yangu. Hatakuwa na nia mbaya pengine. Katika mila zetu kusema "yangu" kwa mali ya ukoo si kudai kuimiliki peke yako. Ni kusema mimi ndiye ninayeitunza. Lakini kompyuta haizijui mila hizo. Itaandika jina moja, na sheria italipa jina hilo nguvu ambayo mwenyewe hakuiomba.

Wanaoumia hapo ni dada zetu zaidi ya wengine. Ni jambo la kawaida kwa mwanamke wa Visiwani kuliacha fungu lake mkononi mwa kaka yake, kwa heshima, kwa mapenzi, na kwa kujiwekea mahali pa kurudi iwapo ndoa itavunjika. Fungu hilo halijatolewa hiba, limewekwa amana. Siku likiandikwa kwa jina la kaka peke yake, amana hiyo imekufa bila ya mtu yeyote kukusudia kuiua, na watoto wa kaka watakuja kusema kwa ulimi safi kuwa shangazi hana kitu hapa.

Anayedhani tunatia chumvi na aitazame Kenya. Sheria yao ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 iliulinda usajili wa kwanza kiasi cha kwamba mahakama haikuweza kuubatilisha hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Mkubwa wa familia aliyeandikishwa kwa niaba ya nduguze akajikuta ni mwenye mali peke yake, na nduguze wakajikuta wapangaji kwa hisani yake. Majaji walihangaika miaka mingi kutafuta njia ya kuwaokoa wajane na wadogo, mara wakisema kuna amana isiyoandikwa, mara wakisema hakuna. Sheria hiyo ilikuja kufutwa mwaka 2012, yaani ilikwisha kufanya kazi yake karibu nusu karne.

Pwani ya Kenya ina funzo la pili, na hilo linatuhusu kwa damu, kwani ukanda ule wa maili kumi ulikuwa katika milki ya Sultani wa Unguja na uliendeshwa na Waingereza kwa niaba yake. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kuwataka wote wanaodai ardhi katika ukanda huo walete madai yao kwa muda uliowekwa. Waliokuwa karibu na mji, waliojua kusoma, waliokuwa na wakili, walikwenda. Wakulima wengi wa bara kidogo ya Malindi na Mombasa hawakwenda. Wengine hawakusikia, wengine hawakuona kwa nini mtu adai kitu anachokilima. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wa watu hao ndio wanaoitwa maskwota mpaka leo katika ardhi walikozikwa babu zao. Muda uliowekwa uliifaa ofisi na ukawapita watu.

Twataraji kuwa hakuna atakayefikiri kuweka muda wa namna hiyo hapa kwetu. Na ikiwa lazima muda uwekwe, usiwe mfupi wala usitangazwe katika gazeti la Serikali tu, karatasi ambayo tunaiheshimu lakini hatujawaona wavuvi wa Tumbatu wakigombania kuinunua.

Sasa tuje kwa waliofanya vizuri, kwani hao nao wana la kutufundisha. Rwanda ilianza mwaka 2009 kuandikisha ardhi ya nchi nzima, na kufikia mwaka 2013 vipande zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimechorwa. Hawakutumia wapimaji wa vyuo vikuu peke yao. Waliwafundisha vijana wa vijijini, wakatembea mpakani pamoja na majirani, wakachora mstari juu ya picha ya angani palepale. Mwananchi alitakiwa alipe faranga 1,000 tu kwa kipande. Majina ya wake yakaandikwa pamoja na ya waume. Ni kazi iliyosifiwa ulimwenguni, na ilistahili.

Lakini baada ya sherehe ikaja siku ya kawaida. Mtu akauza sehemu ya shamba, mtu akafa, mtu akampa mwanawe kipande ajenge. Ada ya kubadilisha jina ilifika faranga 30,000, yaani mara thelathini ya ile ya mwanzo, na ilikuwa hiyo hiyo kwa mwenye shamba kubwa na kwa mwenye kijisehemu cha maharagwe. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 2013 ilikataza kuligawa shamba mpaka likawa chini ya hekta moja, katika nchi ambayo mashamba mengi hayakufika hekta moja tangu hapo. Kilichotokea kila mtu angeweza kukitabiri: wananchi wakarudia kuandikiana karatasi wenyewe kwa wenyewe, na daftari la kitaifa lililogharimu fedha nyingi likaanza kuachana na ukweli wa mashambani. Serikali ya Rwanda ililiona tatizo na imekuwa ikilishughulikia, na tangu mwaka 2023 imekwenda mbali zaidi kwa kutoa hati za kielektroniki. Sisi tuna nafasi ya kulishughulikia kabla halijatufika.

Msomaji atakuwa ameona jinsi katazo lile la hekta moja linavyofanana na sharti letu la eka tatu. Sharti letu lilikuwa na hekima yake: eka tatu zikikatwa mara mbili hazilishi familia. Lakini nani asiyejua yaliyotokea? Karibu na mji, eka hizo zimekatwa viwanja, vikauzwa kimoja kimoja, zikajengwa nyumba za matofali, misikiti na skuli. Sheria inasema shamba ni moja. Macho yanaona nyumba arobaini. Mpimaji akifika hapo aandike nini? Akiandika shamba la marehemu fulani, eka tatu, ataandika sheria na kuacha ukweli. Akiandika nyumba arobaini, ataandika ukweli na kuhalalisha lililokatazwa. Tusiwatupie wapimaji mzigo huu. Ni uamuzi wa Serikali na wa Baraza la Wawakilishi, nao wapaswa kutolewa wazi, kwa maandishi, kabla ya mpimaji kushuka katika gari.

Maoni yetu ni kuwa pale ambapo mji umekwisha kula shamba, sheria ikubali ukweli na kuweka njia ya kuwatambua waliomo, pamoja na njia ya kuwasikiliza warithi wa mgaiwa wa asili ambao hawakupata chochote katika mauzo hayo. Na pale ambapo shamba bado ni shamba, kama katika sehemu nyingi za Pemba, lisikatwe ardhini bali liandikwe kwa mafungu: shamba moja, warithi saba, kila mmoja na sehemu yake ikitajwa kwa jina lake. Hesabu hiyo kadhi huifanya bila ya mashine. Haiwezi kuishinda kompyuta.

Katika jambo la mirathi nchi yetu ina bahati ambayo sijui kama wakubwa wameiona. Au tuseme kwa adabu zaidi, hatujui kama wameitumia. Tunayo Mahakama ya Kadhi inayoamua mirathi ya Waislamu. Tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyopewa na sheria namba 2 ya 2007 kazi ya kusimamia mali za marehemu pamoja na wakfu. Tunao Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria namba 3 ya 2018, ambao ndio unaoandika vifo. Na tunaye Mrajis wa Ardhi. Ofisi hizi nne zote zinamjua marehemu yuleyule. Mmoja ameandika kuwa amekufa, mwengine ameandika nani wamemrithi, wa tatu anazo habari za wakfu alioacha, na wa nne anaendelea kuamini kuwa yu hai na anamiliki kiwanja namba kadha. Wote wana kompyuta. Kinachotakiwa ni kwamba kifo kinapoandikwa, alama iwekwe hapohapo katika kila kipande cha ardhi chenye jina la marehemu, kuonyesha kuwa kipande hicho kina mirathi, kisiuzwe wala kisiwekwe rehani mpaka warithi wajulikane. Alama moja tu. Ingeliwazuia matapeli wengi kuliko hotuba zetu zote.

Baada ya hapo warithi wapewe njia nyepesi. Kuandikisha mirathi kusitozwe ada yoyote. Tunajua hoja itakayoletwa: Serikali inahitaji mapato, na ofisi za ardhi haziwezi kufanya kazi kwa dua. Ni kweli. Lakini mapato yatafutwe panapostahili: katika ukodishaji wa fukwe kwa wawekezaji, katika uhamishaji wa viwanja vya bei kubwa, katika majengo ya biashara. Mjane anayekuja kusema kuwa mumewe amefariki hajapata faida ambayo Serikali imkate sehemu yake. Amekuja kuifanyia Serikali kazi, yaani kulisahihisha daftari lake. Ukimtoza, kesho hatakuja, wala jirani yake hatakuja.

Wala asilazimike kufunga safari. Sheha ndiye aliye karibu, na kwa hakika ndiye Mrajis wa Ardhi wa kila siku, apende asipende, kwa kuwa ndiye anayetia saini. Basi na aandikwe katika utaratibu badala ya kuachwa pembeni. Apewe daftari lenye kurasa zilizohesabiwa, na kila mauziano, hiba au mirathi inayopita mbele yake iingizwe humo na kupelekwa wilayani kila mwezi. Hapa hatuna budi kusema jingine ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Sheha ni binadamu, ana jamaa na ana marafiki, na katika shehia nyingi hapakosekani minong'ono ya kiwanja kilichouzwa mara mbili kwa muhuri mmoja. Dawa yake si kumnyang'anya muhuri bali kuyaweka mambo hadharani. Kila shughuli ya ardhi ibandikwe kwa siku sitini katika ubao wa ofisi ya sheha na karibu na msikiti, ikitaja kipande, majina ya pande zote mbili, na mahali pa kupeleka pingamizi. Majirani wa Visiwani, kama tujuavyo, hawana upungufu wa kufuatilia mambo ya watu. Kwa mara moja tabia hiyo itakuwa na manufaa.

Liko pia suala la ardhi ambayo si ya mtu mmoja wala si ya familia. Maeneo ya uwanda, njia za kwenda pwani, mahali pa kuanikia dagaa na mwani, visima, makaburi ya kale. Ardhi ya namna hii ndiyo inayopotea upesi zaidi wakati wa kuandikisha, kwa kuwa haina mtu wa kusimama mlangoni akasema "yangu". Isipoandikwa kwa jina la kijiji, itaonekana katika ramani kuwa tupu, na ardhi iliyo tupu katika ramani haikai siku nyingi kabla ya kupata mwekezaji. Tungependa kuona uandikishaji wa kila shehia ukianza na ardhi hizi kabla ya viwanja vya watu.

Kuhusu mitambo yenyewe tutasema machache. Wapo wanaotushauri turukie moja kwa moja katika minyororo ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo inasemekana haiwezi kughushiwa. Honduras ilitangaziwa jambo hilo mwaka 2015, likaishia katika matangazo. Mnyororo waweza kulinda kilichoandikwa kisibadilishwe. Hauwezi kujua kama kilichoandikwa kilikuwa kweli, na uongo usioweza kubadilishwa si maendeleo. Jingine ni la kisiwa. Hatujasahau jinsi waya wa umeme wa baharini ulivyoharibika Disemba 2009, Unguja ikakaa kizani mpaka Machi 2010. Daftari la kielektroniki liwe na nakala yake ya karatasi katika kila wilaya, liwe na nakala nyingine Pemba kwa ajili ya Unguja na Unguja kwa ajili ya Pemba, na nyingine nje ya Visiwa. Na zile nyaraka za kale za khati za Kiarabu zisitupwe baada ya kupigwa picha. Wanaoweza kuzisoma vizuri wanapungua kila mwaka. Wakati wangalipo, waajiriwe wazisome, kwa sababu wakfu mwingi na mipaka mingi ya Mji Mkongwe haina ushahidi mwengine.

Baraza la Wawakilishi litakapojadili makadirio ya wizara inayohusika na ardhi, tutasikia bila shaka ni hati ngapi zimetolewa na ni eneo gani limepimwa. Tungeliomba Mheshimiwa mmoja, wa jimbo lolote na wa chama chochote, ainuke aulize takwimu nyingine mbili: katika mwaka uliopita ni watu wangapi wazima wameandikwa kuwa wamefariki, na ni vipande vingapi vya ardhi vimebadilishwa jina kwa sababu ya mirathi. Takwimu hizo zitolewe kwa kila wilaya, Unguja na Pemba mbalimbali, na zichapishwe kila mwaka.